Aliyerudi Pangoni

"Inua mguu."

Ormar aliinua mguu wa kulia bila kumtazama machoni mwanamke aliyepiga goti mbele yake, akimfunga meno ya chuma chini ya kiatu asije akateleza kwenye barafu. Mwanamke huyo, Dagbjört, ndiye aliyekuwa akiongoza watalii siku hiyo. Ndiye pia aliyekuwa akiishi na Ormar nyumba moja kijijini Vík kwa miaka sita sasa.

"Baba yako anaendeleaje?" Dagbjört alinong'ona huku akivuta mkanda.

"Dagga, tafadhali. Si hapa."

"Jana uliniambia uko Akureyri unamuuguza. Ukasema umempikia supu."

"Nitakueleza. Usinifedheheshe mbele za watu."

"Mguu mwingine."

Kwenye orodha ya asubuhi paliandikwa tu: Hildigunnur, watu wawili. Wengine walikuwa wazee wanne kutoka Denmark. Dagbjört hakuwa na wasiwasi wowote, hadi gari lilipofunguliwa mlango akamwona mtu wake akipanda, mkono umeshikwa na huyo Hildigunnur, daktari wa meno wa Reykjavík, mwenye jaketi jeupe.

Ormar alipokwenda kuchukua kofia ngumu, yule wa jaketi jeupe alisogea.

"Wewe ndiye Dagga."

"Ndimi."

"Nilipiga simu ofisini kwenu nikakuomba kwa jina. Ormar hakujua. Kila siku ananiambia atakwambia kesho, mwaka wa pili huu. Nikaona nimsaidie."

"Umesafiri karibu kilomita mia mbili kuja kunionyesha?"

"Uone kwa macho yako, usije ukasema anasingiziwa. Tunafunga ndoa Juni." Hildigunnur alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Na kusema kweli, nilitaka nikuone. Nilivyokuwa nakuogopa, kumbe ni wewe tu. Picha utatupiga, eh?"

Dagbjört angeweza kuyamwaga yote palepale. Lakini alikuwa na roho sita mkononi, na barafu haimsubiri mtu ajifute machozi. Akachukua kamba yake, akatangulia.

Ndani ya pango mwanga ulikuwa wa buluu, na majivu meusi ya volkano yalikatiza kuta. Wazee walitazama wakaridhika, wakatangulia kutoka, wakalizunguka tuta la barafu kwenda kunywa kakao garini. Wale wawili walibaki wakitaka picha.

"Nibusu, Ormar," Hildigunnur alisema. "Mwenzio anasubiri."

Dagbjört aliipokea simu ya Hildigunnur, akapiga. Akamrudishia mwenyewe, akageuka kuelekea mlangoni.

Hapo dari likalia, mlio mkavu.

"Tokeni. Sasa hivi."

Ormar alikimbia. Alipompita Hildigunnur alimsukuma kwa kiwiko, mama wa watu akateleza, na pande la barafu kubwa kama sufuria likamshukia kwenye kofia. Taa yake ikazimika.

Dagbjört alimdaka Ormar mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Nyuma huko. Sijui."

"Rudi ukamchukue."

"Siwezi, Dagga. Siwezi."

Alikuwa akitetemeka kama mbwa aliyelowa. Dagbjört alimwacha, akaingia. Alimkuta yule mwanamke kalala kifudifudi, hajitambui. Akamshika mikanda ya begi lake la mgongoni, akamburuta kinyumenyume, vipande vikidondoka huku na huku, mpaka wakatokea kwenye mwanga. Akamlaza, akachukua redio kuita ofisini.

Alipogeuka, Ormar alikuwa ameshakipakata kichwa cha Hildigunnur. Macho yakafumbuka.

"Umerudi," Hildigunnur alisema. "Umerudi kunichukua."

Ormar alimtazama Dagbjört. Kisha akainamisha kichwa, akambusu mchumba wake kwenye paji la uso. Hakukanusha.

Kwenye zahanati ya Vík walimkagua, wakaona nundu tu. Daktari alimshauri akapumzike, lakini Hildigunnur akasema hakuja huku kulala. Maporomoko ya Skógafoss lazima ayaone. Wakaenda.

Pale chini ya maji Ormar alimvuta Dagbjört pembeni. Manyunyu yaliwalowesha wote wawili.

"Usimwambie. Nakuomba kwa miaka sita tuliyokaa."

"Unaniomba kwa miaka hiyo hiyo?"

Hildigunnur alikuwa anakuja, wazee wa Denmark nyuma yake. Alikuwa ameshawasimulia jinsi Ormar alivyomwokoa.

"Wewe ulikuwepo," alimwambia Dagbjört. "Mimi sikumbuki vizuri. Kuna kitu kama kiwiko, halafu giza. Waambie. Ni kweli alirudi?"

Ormar alikuwa mweupe kuliko lile jaketi.

"Alirudi," Dagbjört alisema. "Mimi nilimkataza, nikamwambia dari linashuka. Hakunisikia. Aliingia akakubeba."

Wazee walimpigia Ormar makofi. Hildigunnur akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamshika Dagbjört mkono.

"Nilikuwa mkatili kwako asubuhi. Nisamehe, dada. Sikupaswa kukufanyia vile."

Dagbjört aliuhisi mkono ule, baridi, umemshika kwa imani. Neno moja tu lingetosha. Akalimeza.

"Mwanamume wa namna hiyo hapatikani mara mbili," alisema. "Mshike."

Jioni, mifuko minne ya nguo za Ormar ilikuwa nje ya mlango wa Dagbjört na theluji imeanza. Simu ikalia ujumbe.

*Asante kwa kunisitiri, Dagga. Una moyo wa pekee.*

Akajibu akiwa amesimama.

*Sikukusitiri wewe. Yeye ndiye niliyemkomoa. Siku atakapokuhitaji tena, atakujua. Nguo zako ziko nje.*

Juni walifunga ndoa. Wiki ile ile Dagbjört alipokea picha ya maharusi kutoka namba asiyoijua. Hildigunnur alikuwa amebeba maua, tumbo limeanza kuonekana. Chini yake ameandika:

*Nilikuwa nimeshaamua kumwacha. Kile kiwiko kilinikaa kichwani wiki nzima, hata nikawa naota. Lakini nikajiambia, Dagga angekuwa mtu wa mwisho kumtetea, na alimtetea. Maneno yako ndiyo yaliyonituliza. Asante.*

Dagbjört aliusoma ujumbe huo mara mbili. Alianza kuandika jibu, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Kisha akazima simu, akakaa jikoni mikono imemlalia mapajani, na chakula alichokuwa amejipakulia hakukigusa.