Gurudumu Linalosaga Kwenye Kona

Seremala na mkewe walikuwa na pikapu kuukuu. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, lakini gari lilikuwa linawalisha. Kila asubuhi seremala alipakia vitanda na makabati. Mkewe alikaa pembeni yake, amepakata droo ili zisichubuke.

Wiki hiyo pikapu ilikuwa na sauti. Ikienda moja kwa moja, iliunguruma kidogo tu. Ikikata kona ya kushoto, ilisaga. Krrr, krrr, kama mtu anayesaga changarawe.

Seremala alijiambia, "Inalia nikikata kushoto, basi ubovu uko kushoto." Alinunua beringi, yaani vile vyuma vya mviringo vinavyofanya gurudumu lizunguke laini. Akamwambia fundi wa njia panda aifunge kwenye gurudumu la mbele kushoto. Fundi akafunga alichoambiwa. Sauti ikabaki palepale.

Tangu hapo seremala akaanza mtindo mpya. Akitaka kwenda kushoto, alikata kulia mara tatu mpaka akatokea alikotaka. Mkewe alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akashindwa.

"Baba watoto, hii ni mara ya pili tunapita kwa kinyozi huyu. Sasa anatupungia mkono."

"Napitia njia nzuri."

"Njia nzuri, au unaikwepa kona ya kushoto?"

Seremala akakohoa. "Beringi bado mpya. Itazoea."

"Itazoea? Kwani ni kiatu?"

Mkewe akaendelea, sasa bila utani. "Ijumaa tunamchukua mama hospitali. Mguu wake umewekwa vyuma juzi tu. Barabara ya kule inateremka, na kona zake ni za kushoto na kulia. Utazungukia wapi? Mimi mama mkwe wangu simpandishi kwenye gari linalosaga."

Ilikuwa Jumatano. Jioni ile mkewe alivuka ua na kwenda kwa jirani yao. Jirani huyo alikuwa fundi wa malori kwenye kampuni ya usafirishaji, na mtaa mzima ulimwita Mama Jeki. Alikuja na ovaroli yake, anafuta mikono.

"Shemeji," akamwambia seremala, "nasikia umekosana na upande wa kushoto."

"Mke wangu ana mdomo."

"Ana masikio pia. Haya, washa gari. Usiende popote. Zungusha usukani tu, huku na huku."

Seremala akazungusha. Kimya.

"Vizuri. Kama ingekuwa mafuta ya usukani yamepungua, ingelalamika hata ikiwa imesimama. Zima." Akamulika tairi za mbele na mabati yanayozizunguka kwa tochi. "Tairi hazigusi popote. Sasa niambie. Ukikaa nyuma kwenye bodi, gari likakata kushoto kwa kasi, unaangukia upande gani?"

Seremala akafikiri. "Kulia."

"Na uzito wa gari je?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Unakwenda kulia. Kwa hiyo gurudumu la kulia ndilo linalobebeshwa mzigo."

"Umeona? Ikilia ukikata kushoto, anza kuchunguza kulia. Ikilia ukikata kulia, anza na kushoto. Lakini usinunue kitu kwa kusikia tu. Kagua kwanza."

Mama Jeki aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akainua upande wa kulia kwa jeki, kisha akaweka stendi ya chuma chini ya chasisi, ile fremu inayobeba gari. "Jeki peke yake msiiamini. Ikiteleza, gari linakuangukia."

Alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza, tak, tak. Akalizungusha kwa mkono. Likasaga.

"Njoo ushike mwenyewe, shemeji."

Seremala akashika. Uso ukamshuka. "Tungeendelea hivi, ingekuwaje?"

"Ingeweza kukwama ghafla. Au gurudumu likatoka lenyewe, nawe uko kwenye mteremko."

Mama Jeki akachukua spana.

Walipofungua, grisi ya ndani ilikuwa nyeupe kama maziwa. Mama Jeki akaipaka kidoleni. "Maji yameingia. Mlipita wapi?"

"Ile siku ya mvua," mkewe akasema. "Bondeni. Maji yalifika nusu ya gurudumu."

"Basi. Sili, huu mpira unaozuia maji, umepasuka. Maji yakaharibu grisi, vyuma vikasagana. Ukipita kwenye maji marefu, kagua beringi mapema."

Alhamisi walinunua beringi mbili, ya ndani na ya nje, pamoja na sili na pini mpya. Mama Jeki alimwachia seremala kazi, yeye akimsimamia. Seremala alisafisha kila kitu kwa kitambaa kisicho na mchanga. Alizijaza beringi grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili. Alipofika kwenye nati, akaikaza kwa nguvu zote.

"Weee! Unafunga kitanda?" Mama Jeki akamshika mkono. "Kaza huku unazungusha gurudumu, kisha legeza kidogo. Lizunguke laini, lakini lisicheze. Ukibana sana, beringi inaungua. Halafu weka pini, nati isifunguke."

Walifunga tairi, wakashusha gari, wakaenda kulijaribu barabarani. Wakakata kushoto. Wakakata kulia. Kilichosikika ni droo moja tu iliyosahauliwa nyuma.

Ijumaa mama mkwe alikaa mbele, mguu umenyooka juu ya mto. Mke wa seremala alikaa nyuma kwenye bodi na mikongojo. Kwenye mteremko walipita kona saba. Kwenye ya nne, mama mkwe alikuwa anakoroma.

Walipofika nyumbani, seremala aliruka chini, akainama kwenye gurudumu la kulia. Akagusa katikati yake kwa nyuma ya kiganja, taratibu, halafu akaenda kugusa la kushoto. Yote mawili yalikuwa ya vuguvugu, sawasawa. Lenye beringi mbovu lingekuwa la moto kuliko mwenzake.

Dirisha likagongwa kwa pete.

"Wewe mtoto," mama yake akaita, "utaliambia gari pole kwanza, au utanishusha mimi?"