Fuwele Isiyoguswa Uso

Sindano aliiacha Land Cruiser mlangoni mwa uwanja wa ndege, injini ikinguruma, akapanda ngazi tatu tatu.

Redio ilikoroma sikioni. "Sindano, ndege inafunga milango dakika kumi na mbili zijazo."

"Izuieni."

"Kwa ushahidi gani? Mkuu anasema tulicho nacho ni ufunguo wa shangazi yako."

Hapo ndipo palipouma. Kabati la maabara lilifunguliwa kwa ufunguo wa shangazi, fuwele yake ikaibwa, na saa hii shangazi yuko rumande. Fuwele ikiruka na ndege hiyo, atazeekea jela kwa kuuza siri ya nchi. Mwanamke ambaye hajawahi kuuza hata yai.

Miezi tisa shangazi aliilea fuwele ile maabarani kwake, ya manjano, ndogo kama ukucha. "Molekuli zake zina kichwa na mkia," aliwahi kumweleza Sindano. "Ukiziacha zitalala mzungu wa nne, utabaki na kioo tu. Mimi nimezibembeleza zote zitazame upande mmoja." Ndiyo maana mwale wa leza usioonekana kwa macho ukiingia humo, hutoka wa kijani. Watengeneza silaha wanaitafuta kwa udi na uvumba.

Mezani pa ukaguzi alisimama mchuuzi wa vito bandia, suti ya kijivu, vito mia mbili vya kioo mbele yake.

Vyote vya manjano.

Sindano alichomoa kalamu ya leza hiyo isiyoonekana, akaipitisha juu ya vito. Patupu. Akarudia. Patupu. Fuwele ina pembe yake. Ukiikosa, haikupi kitu. Sasa utajaribu pembe za vito mia mbili kwa dakika tano? Jasho lilimtoka, na si la mbio.

"Ndege yangu, afande," mchuuzi alisema.

"Haya. Fungasha."

"Sindano, unamwachia?" redio ilifoka.

Sindano alikuwa akitazama mikono ya mchuuzi.

Yule bwana alizoa vito kwa viganja, akavimwaga sandukuni kama mahindi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akapunguza kasi. Kito kimoja alikiokota kwa ncha za vidole viwili, akikishika kingo, pumzi ameibana.

Shika kingo, usiguse uso, jasho la kidole litailamba. Wimbo wa shangazi kwa kila mwanafunzi.

"Alikufundisha vizuri," Sindano alisema, bastola yake ya Glock ikimtazama mwizi kifuani.

Akaichukua fuwele, akaigeuza taratibu mbele ya kalamu. Kwenye shati jeupe la mwizi ikawaka nukta ya kijani.

"Miaka minne maabarani kwake," mwizi alinong'ona. "Mkono umezoea."

Baada ya nusu saa simu ya Sindano ililia, kutoka rumande. Hakuna salamu.

"Mwanangu, umeishika wapi?"

"Kingo, shangazi."

"Haya." Ndipo alipoanza kulia.

Nje, askari wa barabarani walikuwa wameshaivuta Land Cruiser. Sindano alivaa miwani, akafunga kifungo cha koti, akaenda zake kwa miguu.