Nta Nyeupe

Asia aliliona kosa kabla ya wote: nta kwenye pindo la kitambaa cha Yasmin ilikuwa nyeupe. Nta ya moto huzama ndani ya uzi, kitambaa kikang'aa kama kimepakwa mafuta. Ikibaki nyeupe, ujue ilipoa mapema, imekaa juujuu tu, na rangi iliyopaswa kuzuiwa itapita chini yake.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kutazamana kazi katika darasa la batiki pale Mwembesongo. Vitambaa vilitundikwa kambani kabla ya kutiwa rangi. Mwenye kazi alinyamaza, wenzake wakasema walichokiona. Ndivyo alivyotaka Mwalimu Mwaisha, aliyechora kanga kiwandani mpaka mitumba ilipofurika sokoni na wafanyakazi wakapunguzwa. Baba yake Yasmin alipunguzwa pia. Siku alipoachishwa alirudi nyumbani na kipande kimoja cha kitambaa cha marekani, na ndicho hicho Yasmin alichokitundika. Mwenye duka wa Msamvu angechagua batiki moja, na aliyeichora angepata kazi.

"Haya, semeni," alihimiza mwalimu.

"Nzuri," alisema Hidaya.

"Nzuri, ila jogoo wako ana miguu ya korongo!" alitania Laurenti. Wakacheka.

"Na wewe, Asia?"

Asia alitazama vidole vyake. "Nzuri, Mwalimu."

Yasmin akakizamisha kitambaa katika rangi ya bluu. Kilipotoka, pindo lote lilikuwa madoa matupu. Hakulia. Alikishika tu, matone yakimdondokea miguuni.

"Nitamwambia nini baba?"

"Macho yangu yamechoka, ndiyo maana nawauliza ninyi," alisema mwalimu. "Hakuna aliyeona?"



"Mimi niliona," alisema Asia. "Tufunike jogoo kwa nta ya moto, halafu kitambaa kizima tukitie rangi nyeusi."

Walifanya hivyo pamoja. Madoa yalimezwa. Kitambaa kilipendeza, lakini kilikuwa kizito machoni, kama cha msibani.

"Kitakwenda Msamvu pamoja na vingine," alisema mwalimu. "Lakini kumbukeni, wanangu: kusifu kazi yenye kasoro si wema. Mwenzako ndiye wa kukuonyesha kosa wakati bado linarekebishika."

Walipokuwa wakisuuza mabeseni, Yasmin alisema, "Najua, ulishikwa na haya tu."

Asia akatikisa kichwa.

"Haikuwa haya, Yasmin. Nilitaka chako kiharibike, changu kichaguliwe."