Pete Iliyobatizwa Singidani

"Dada Rahel, pete."

"Haitoki, Mchungaji."

Mchungaji Ignas alikuwa amesimama ndani ya Ziwa Singidani, maji yamemfika kifuani, na hii ilikuwa mara ya tatu anauliza. Wengine wote waliokuja kubatizwa walivua hereni, saa na bangili, wakaziacha ufukweni. Rahel peke yake alikuwa amekunja ngumi kama mtu aliyeshika nauli.

Ukweli ni kwamba pete ilikuwa inatoka, tena vizuri mno. Dada wa watu alikuwa amefunga wiki kadhaa akiiombea ndoa yake, mwili ukapungua, vidole vikabaki njiti, na pete ya uchumba ikawa inacheza mpaka akaizungushia uzi. Tatizo lilikuwa ufukweni. Aliyepewa kazi ya kutunza vitu vya watu ni Stumai, na Stumai ndiye aliyekuwa mpenzi wa Fredrick kabla Fredrick hajamchumbia Rahel. Amkabidhi huyo pete ya Fredrick? Rahel alisema moyoni heri azame nayo.

Mchungaji akachoka kubembeleza. Akambana pua, akamzamisha.

Nyie, maji ya Singidani yana chumvi na magadi, yanateleza kama maji ya sabuni. Uzi ulilegea, kidole kikasinyaa kwa baridi ya asubuhi, na Rahel alipoibuka alikiona kidole kitupu. Akapiga yowe. Kanisa likajibu haleluya. Akajitupa tena majini kupapasa tope. Nusu ya wapendwa wakasema Roho amemshukia, nusu wakasema ni pepo anatoka, na kwaya ikapandisha pambio kwa ajili ya pande zote mbili. Kila alipoibuka kuvuta pumzi, kina mama waliokuwa naye majini walimwekea mikono kichwani wakimrudisha chini.

Aliyemwokoa ni Stumai.

"Jamani, mwacheni avute hewa. Amepoteza pete."

Pambio likafa lenyewe.

Usije ukasema ni pete tu. Dhahabu ile marehemu baba yake Fredrick aliichimba kwa mikono yake kwenye machimbo ya huko Iramba, akamtengenezea mkewe. Mama Fredrick aliivaa miaka yote ya ndoa na ya ujane. Mama huyu wa Kinampanda ni Mlutheri tangu tumboni, na habari za mkwe kubatizwa mara ya pili hakuzipenda hata kidogo. Alipoitoa pete kidoleni mwake alitoa na sharti: siku asipoiona kwa Rahel, harusi hakuna. Na harusi ilikuwa Jumamosi.

Rahel alikuwa bado anatetemeka ufukweni pale simu ya Stumai ilipolia. Mwaka ule simu za mkononi zilikuwa ngeni Singida. Stumai, mwenye kibanda cha urembo sokoni, alikuwa nayo, Rahel hana. Ujumbe ulisomeka hivi:

"Mwambie Rahel mama amefika. Anataka kumwona na pete yake. Tunakuja huko ziwani sasa hivi. Fredrick."

"Namba yako Fredrick anayo ya nini?" Rahel aliuliza, maji yakimchuruzika.

"Ya kukupata wewe. Ungekuwa na simu asingenisumbua. Sasa tugombane, au tujiokoe?"

Stumai akavua pete yake mwenyewe, ya bandia ya Dubai kama zile anazowauzia watu, ikiwaka kuliko dhahabu. Akasema mama ni mtu mzima, macho yake si ya jana, atatazama na kuridhika. Rahel alikataa, akasikia mngurumo wa pikapu ya Fredrick ya kubebea vitunguu, akaivaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkono."

Mama aliugeuza ule mkono taratibu, akainamia kidole, akakisogeza juani.

"Imetakata," alisema. "Kumbe maji yenu haya yana kazi."

Fredrick alitabasamu. Stumai alishusha pumzi. Jambo lilikuwa limekwisha pale. Rahel alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko kulikomshinda.

"Mama, siyo yenyewe. Yako imezama. Niliambiwa niivue nikakataa."

"Kwa nini unaniambia?"

"Nimebatizwa sasa hivi, hata nywele hazijakauka. Siwezi kuanza na uongo."

"Na kwa nini ulikataa kuivua?"

Rahel aliinama. "Nilimwonea wivu Stumai. Niliogopa akiishika atamkumbuka Fredrick."

"Nikumbuke nini?" Stumai alisema. "Harufu ya vitunguu?"

Mama hakucheka. Aliuachia mkono wa Rahel, akasema neno lake wanalijua, akageuka kurudi garini.

Fredrick hakubishana na mtu. Alivua viatu, akaingia ziwani na suruali yake ya kitambaa. Mara nyingi alikuwa amemwambia Rahel kwamba majini yeye ni samaki, na Rahel, aliyekulia kando ya Ziwa Kitangiri, alikuwa anampenda tu bila kumwamini. Samaki akatembea, akatembea, akakanyaga shimo la tope. Kichwa kikapotea. Ukabaki mkono unapunga, halafu na mkono ukaenda.

Mchungaji akaanza kuomba. Rahel hakungoja amina. Alikata maji, akamkamata Fredrick kwenye ukosi wa shati, akamburuta mpaka ufukweni akikohoa maji ya chumvi.

"Ulisema unaogelea."

"Nilisema hivyo wakati nakutongoza."

Akajaribu kuinuka arudi majini. Rahel akamkalia miguu.

"Iache, Fredrick. Nikikukosa kwa ajili ya ile pete nitalia, lakini utakuwa hai."

"Niwe hai nifanye nini bila wewe?"

Mama alikuwa amerudi mbio, gauni limelowa mpaka magotini. Akaketi kwenye tope, akampakata mwanawe kichwa. Mchungaji Ignas akasafisha koo, akasema kwa upole kwamba kwa kuwa ndugu ameshazama mwili mzima, yalibaki maneno machache tu.

"Huyu alibatizwa Kinampanda akiwa mchanga," mama alimjibu. "Hapa ameoga."

Kisha aligeuka akalitazama ziwa, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Baba yake aliifuata dhahabu shimoni mpaka siku moja hakupanda tena juu," alisema. "Nikabaki na pete. Miaka yote hii naitunza, nadhani namtunza yeye. Leo nimewawekea sharti la pete, nikakaribia kumpoteza na huyu."

"Nisamehe, mama," Rahel alisema.

"Tusameheane. Jumamosi ni ileile." Akamfuta Rahel tope shavuni kwa kiganja chake. "Sasa mwinue mumeo, atapata baridi."