Mbao Mbili za Juu

Majira ya joto kijiji cha Ashibata kilikuwa na raha zake. Mpunga ulisimama umenyooka, vyura waliimba katika mifereji yote, na upepo ulishuka kutoka tuta la Mto Nagara ukiwa na harufu ya tope na majani mabichi. Mto wenyewe huuoni ukiwa kijijini, kwa kuwa uko juu. Vizazi na vizazi umeteremsha mchanga wa milimani hata ukayapita mashamba kwa kimo, nao watu wanaishi chini yake. Ndiyo maana wahenga wao walikizungushia kijiji kizima tuta la udongo, kikakaa ndani kama uji ndani ya bakuli.

Siku moja ya raha hizo Tomeji alikuwa amewaalika majirani kwenye kibanda chake kipya cha bustanini. Mkewe, Sayoko, aliwapelekea samaki wa mtoni waliochomwa kwa chumvi.

"Shemeji!" akasema Mzee Genzo, mwenyekiti wa kijiji. "Samaki wako hawana adabu. Wanaingia tumboni bila kubisha hodi!"

Watu wakacheka. Sayoko naye alitabasamu, lakini unyayo wake ulikuwa umeigusa alama kwenye sakafu. Ilikuwa namba iliyochomwa kwa chuma cha moto: saba. Karibu yake ilikuwepo nane. Moyo ukamwanguka, kama ulivyokuwa ukimwanguka kila alipokanyaga pale.

Zile zilikuwa mbao za lango. Mahali barabara inapolikata tuta la wahenga pana nguzo mbili za mawe zenye mifuo. Hatari ikija, mbao nane hutelezeshwa ndani ya mifuo hiyo, mmoja juu ya mwingine, barabara ikafungwa na bakuli likawa zima. Mbao hukaa katika banda kando ya lango, na kila mwaka nyumba moja hupewa zamu ya kuzitunza. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Tomeji.

Wageni walipoondoka, Sayoko alimwambia mumewe, "Baba Chizu, zirudishe mbao za watu."

"Umeanza tena?"

"Sijamaliza bado."

"Mke wangu, zilikuwa zinaoza bandani. Mimi nimezipa kazi."

"Kazi zilikuwa nayo."

"Kazi gani? Kumsubiri mgeni asiyekuja? Tuta jipya la serikali pale mtoni hulioni? Saruji tupu! Halafu nimechukua mbili za juu tu. Maji gani yatafika huko?"

"Basi mwambie Mzee Genzo kwamba unazo."

"Genzo!" Tomeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Makalio ya Genzo yanazijua mbao hizi kuliko mimi."

Na hilo, ndugu zangu, ndilo lililomchoma Sayoko. Kila mtu alijua. Walikaa juu ya namba zile, wakanywa pombe yao ya mchele, wakaisifu sakafu. Mara kadhaa alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akiwa na maneno tayari mdomoni. Kila mara aliishia kumimina chai, akaona haya kumvua mumewe nguo mbele za watu, akarudi nyumbani na maneno yake. Mwanamke huyu mnamjua. Pengine mnaishi naye.

Mama mkwe wake, Bibi Ume, alikuwa akikaa kwenye ghala la zamani lililojengwa juu ya kilima cha mawe nyuma ya nyumba. Chini ya upenu wake ilining'inia mashua ya ukoo, naye aliipaka mafuta kila mwaka huku majirani wakimtania kwamba anataka kuvua samaki angani.

"Mama, nimemwambia Tomeji mpaka nimechoka," Sayoko alimlalamikia.

"Umemwambia yeye," bibi akajibu bila kuacha kupaka. "Na wenye mbao je?"

Sayoko alimshikia kopo la mafuta.

Mwezi wa tisa, mpunga ukiwa karibu kuvunwa, tufani ilikuja ikakataa kuondoka. Mvua ilinyesha usiku na mchana. Siku moja saa sita mchana king'ora kililia: tuta la serikali lilikuwa limebomoka kwenye kijiji cha juu, na maji yalikuwa yakija kwa njia ya mashambani. Kati yao na Ashibata palibaki tuta la wahenga, na lango lake.

Wanaume walikimbilia bandani. Mbao zikaanza kushuka mifuoni.

"Wa tano!"

"Umekaa!"

"Wa sita!"

"Umekaa! Leteni wa saba!"

Banda lilikuwa tupu. Mzee Genzo aliangalia miguu yake.

Wakati huo Sayoko alikuwa kibandani, ameshika mtaimbo, anang'oa sakafu huku analia kwa hasira. Tomeji alikuja mbio akamsaidia bila neno. Wakazibeba mabegani, matope hadi magotini, na watu wakawapisha. Ubao wa saba ukainuliwa, ukaelekezwa kwenye mifuo.

Upande mmoja ukaingia. Upande wa pili ukaning'inia hewani. Ulipungua shubiri moja.

"Umezikata?" Genzo aliuliza.

Tomeji alifuta maji usoni. "Zilikuwa zimezidi kidogo. Hazikuenea kibandani."

Walijaza pengo kwa magunia na mikeka minene waliyoing'oa sebuleni mwao. Maji yalifika ubao wa sita, yakapumzika kidogo kama mtu anayefikiri, kisha yakapanda. Magunia yakasukumwa kama mito ya kulalia. Bakuli likajaa.

Hakufa mtu, na kwa hilo shukrani kwa mashua ya Bibi Ume. Sayoko na Tomeji waliipiga kasia kutoka paa hadi paa, wakiwapeleka watu kwenye kilima cha mawe. Mzee Genzo alipopandishwa, akitetemeka, alisema kwa upole, "Shemeji, usijilaumu. Sote tulijua."

Hapo Sayoko, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alitupa kasia miguuni pake. "Mlijua! Na mimi nilijua! Sasa kujua kwetu kumemsaidia nani? Angalia mpunga ule, uko wapi? Shika, upige kasia wewe!"

Akapiga.

Mavuno yote yalioza. Nyumba nyingi zilihamia mjini, wala hazikurudi. Waliobaki walichonga mbao mpya, na zile mbili fupi wakazipigilia ukutani mwa banda, namba zikitazama barabara. Tomeji hupita hapo kila siku akienda shambani. Hakuna anayemtukana. Huinamisha kichwa tu, na Mzee Genzo, akipita, huinamisha chake.

Funzo

Wapendwa, mali ya wote haikosi mwenyewe. Wenyewe ni wengi, nao ndio huzembea, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Usichukue kilichowekwa kwa ajili ya siku mbaya kwa kuwa leo ni siku njema. Na wewe uliyeona, usiridhike kwamba umenong'ona nyumbani. Aibu ya kusema hudumu mkutano mmoja. Aibu ya kunyamaza imepigiliwa misumari Ashibata, na mvua haijaifuta.