Tumbili wa Macho ya Uzi

"Hodi! Hodi hapa!"

Mishi aliinua kichwa. Alikuwa akiwajaza usufi tumbili wa kitambaa, tayari kwa maonyesho ya sikukuu ya Jamhuri kesho yake huko Kwale. Mlangoni alisimama mwanamume asiyemjua. Jasho lilimtiririka. Mkononi alishika tumbili mwenye jicho moja.

"Ndiwe uliyemshona huyu?"

"Ndimi. Karibu, baba. Kuna nini?"

"Naitwa Kahindi. Mwanangu Kanze amelazwa Msambweni. Alitafuna jicho la tumbili huyu."

Mishi akaganda. Macho yale yalikuwa mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye doa jeusi. Aliziokota kichakani, akazitoboa, akaona zinapendeza.

"Mbegu hizi zina sumu kali," Kahindi alisema. "Mbegu ikitobolewa au kutafunwa, ni hatari zaidi. Daktari anasema mtoto akiimeza, usingoje aumwe. Mkimbize hospitali. Sisi tuliwahi. Leo amefumbua macho."

Mishi aligeuka. Bintiye Esha alikuwa sakafuni, akimnyonya tumbili wake sikio. Mishi akamrukia, akamnyang'anya. Macho yote yalikuwapo.

"Kanze anamlilia tumbili wake," Kahindi alisema polepole.

"Kesho asubuhi nitamletea mwingine, asiye na kitu cha kung'oka. Nakuahidi."

Mgeni alipoondoka, Mishi aliwakata macho tumbili wote. Vichwa vikabaki kama mito midogo, havina sura. Akakimbilia kwa jirani yake Bi Mwanaima, mshonaji wa magodoro.

"Shikamoo, bibi. Tumbili wangu watapataje sura bila macho ya mbegu?"

"Marahaba, mwanangu. Vile vishimo vya godoro hushikwa na nini? Si uzi? Hata uso ni hivyo hivyo."

Kwanza walishindilia usufi mpaka kichwa kikawa kigumu kama ndimu. Bi Mwanaima akachukua sindano ndefu na uzi imara. Fundo akalificha kisogoni. Sindano ikapita ndani ya kichwa, ikatokea penye jicho. Akaichoma tena kando kidogo, akairudisha kisogoni.

"Bonyeza penye jicho kwa kidole, halafu vuta."

Mishi akavuta kwa pupa. Kitambaa kikachanika.

"Taratibu! Unavuta mbuzi mbishi?"

Walianza na kichwa kingine. Safari hii Mishi alivuta kidogo kidogo. Jicho likaingia ndani, shavu likainuka lenyewe. Wakafunga uzi. Kisha wakafinya kitambaa, wakapitisha uzi chini yake huku na huku, na pua ikasimama. Macho na mdomo wakadarizi kwa uzi mweusi.

"Sasa mvute pua kwa nguvu zako zote," Bi Mwanaima alisema. Mishi akavuta. Pua haikutikisika.

Alfajiri tumbili aliyekamilika alikuwa mmoja tu. Gari la kwenda Kwale likapiga honi, na mshonaji mwenzake akaita kutoka ndani.

"Mishi we! Wenye hoteli wa Diani wanakuja kuchagua wa kuwashonea. Hawatakungoja!"

Alikuwa ameingojea siku hii mwaka mzima.

"Nendeni salama. Mimi naenda Msambweni."

Wodini, Kanze alikuwa ameketi akinywa uji. Alimpokea tumbili, akapapasa vishimo vya macho, akaifinya pua. Mara akaitia yote mdomoni, akaitafuna.

Kahindi aliruka, mkono mbele.

"Mwache, baba," Mishi alisema. "Mwache atafune."