Hatuli Mpaka Jilali Aje

Majirani zangu, nipeni masikio kidogo. Mwenye chungu jikoni akakitazame kwanza, maana sitaki kulaumiwa kwa nyama iliyoungua. Na mwenye kunijua asishangae kunisikia nikisema kwa ukali. Ukali huu nusu yake najikaripia mwenyewe.

Mimi ni Allal, yule mwenye tanuri la mtaa, pale chini ya msikiti mdogo katika mji wa kale wa Meknes. Kila asubuhi nyumba zenu hukanda unga, hupanga mikate juu ya ubao na kuniletea. Mimi huioka, na saa sita mnakuja kuichukua. Nyumba arobaini na kitu, miaka thelathini, na sijawahi kumpa mtu mkate wa jirani yake. Mkate wa Bibi Yamna niliujua hata gizani: ulikuwa na anisi kidogo, na juu yake amechoma kwa uma mara tatu.

Hakuna saa ninayoipenda kama saa saba mchana. Uchochoro wote hunyamaza. Maduka yamefungwa, watoto wametoka shule, na kutoka kila dirisha unasikia maji yakimiminwa mikononi, kisha bismillahi, kisha kimya cha watu wanaokula. Nyumba ya Bibi Yamna nayo ilikuwa hivyo zamani. Siku hizi ikifika saa saba, naingia ndani chumba cha tanuri nisiione nyumba ile.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mumewe Bibi Yamna, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa saa. Saa saba kamili yuko mlangoni, anavua viatu. Chungu cha nyama na viazi kiko katikati ya meza, kifuniko chake chenye ncha bado kiko juu, na hapana mkono unaokigusa mpaka yeye akae. Alipofariki, mwanawe Jilali alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza baada ya matanga, mama alimshika mkono, akamkalisha mahali pa baba yake, akasema mbele ya wote: "Kuanzia leo, nyumba hii haili mpaka Jilali aje."

Lilikuwa neno la mapenzi. Alitaka kijana asijione yatima. Na kwa miaka mingi Jilali alilitendea haki: alifunga duka lake la vitambaa mapema, akaoa mke mwema, Ghita, wakapata watoto wawili, na saa saba wote walikuwa mezani.

Basi mwaka juzi Jilali akagundua mishikaki ya Hammu.

Hammu mnamjua, yule mchoma nyama karibu na soko la nguo. Kababu zake sitazisema vibaya, mtu ukipita hapo umeshiba unaona njaa. Mimi ndiye ninayemuuzia mikate, na kila siku kabla ya saa saba nampelekea kikapu. Kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu, sikuambiwa.

Siku moja namkuta Jilali na wafanyabiashara wenzake watatu, mbele yao sahani imejaa maini na kababu, mafuta yanachuruzika mpaka viwikoni.

"Jilali," Hammu akamtania, "kwani kwako siku hizi hawapiki?"

"Wanapika bwana, tena vizuri. Lakini leo nimenusa asubuhi, ni dengu. Dengu, Hammu! Mwanamume nimeshinda nabeba marobota, halafu uniwekee dengu?"

Wakacheka. Simu ikalia. Jilali akajifuta mdomo haraka, akainua kidole tunyamaze.

"Ndiyo, Mama. Niko njiani. Nimeshafunga duka... dakika kumi tu. Haya, nisubirini."

Akailaza simu kifudifudi, akachukua mshikaki mwingine.

"Si ungewaambia waanze kula tu?" nikamuuliza.

"Wale bila mimi?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Fundi Allal, nyumba yangu haigusi tonge mpaka nikae. Hebu niambieni, nani hapa ana heshima hiyo kwake?"

Na mimi nilicheka. Sikutabasamu kwa adabu tu, nilicheka kwa sauti na wenzangu, nikachukua kipande cha ini alichonipa, nikaenda zangu.

Alikuwa akifika kwake saa nane, mara nyingine saa nane na nusu. Watoto walikuwa wameshalala juu ya mikono yao, au wamerudi shule na kipande cha mkate mfukoni. Anaketi, anasoma bismillahi kwa sauti nzito kama ya baba yake, anachovya tonge mbili, basi. Na Bibi Yamna alikuja tanurini kwangu macho yamemjaa machozi ya fahari: "Mwanangu anajinyima, Fundi. Tonge mbili tu! Nyama yote anawasogezea watoto."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nikasema, "Mungu ampe afya, Bibi."

Mwaka jana Bibi Yamna akapatikana na ugonjwa wa sukari. Muuguzi wa kituo cha afya akamfundisha kujidunga sindano, akamwonya: ukishajidunga, kula, usikae. Asubuhi hapakuwa na tatizo, anakula mkate wake na zeituni. Tatizo ni mchana. Ghita alinieleza mwenyewe, akingoja ubao wake wa mikate.

"Mama anajidunga Jilali akishasema yuko njiani. Anasema dakika kumi zinatosha. Lakini Jilali anachelewa, Fundi, kuna siku naona mikono ya Mama inatetemeka. Nikimwambia kula, hataki. Anasema, nitakulaje na mwanangu yuko juani huko na njaa?"

"Umemwambia Jilali?"

"Nimemwambia. Akasema namtafutia sababu ya kula kabla yake."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Mjini hapa mtu aliyejua mambo yote mawili nilikuwa mimi peke yangu. Nilijua kwamba "niko njiani" ni uongo, na nilijua kwamba kuna mama anayejidunga sindano kwa uongo huo. Nikanyamaza. Nilijiambia ni mambo ya watu na nyumba zao. Ukweli ni kwamba niliogopa kumchukiza Jilali, na nikimchukiza Jilali nitamchukiza Hammu, na Hammu anachukua mikate yangu kila siku. Kwa ajili ya kikapu cha mikate nilifunga mdomo.

Ilikuwa Jumanne. Jilali alikuwa na mgeni, mfanyabiashara kutoka Fes, na alitaka kumwonyesha yeye ni nani. Meza mbili ziliunganishwa. Saa saba kasorobo simu ikalia, na mimi nimesimama hapo na kikapu.

"Niko njiani, Mama. Nakaribia kabisa."

Kisha akamgeukia Hammu: "Ongeza sahani nyingine, na uweke bizari ya kutosha."

Nilirudi tanurini. Nikala mkate wangu na dagaa, nikanawa. Ilikuwa inakaribia saa nane niliposikia viatu vinakimbia uchochoroni. Alikuwa Ghita, kitambaa cha kichwani kimemwangukia shingoni.

"Fundi, umemwona Jilali? Hashiki simu! Mama anatoka jasho kama yuko kwenye hamamu ya mvuke, ananiita jina la marehemu dada yake!"

"Amekula?"

"Hajala! Amejidunga muda mrefu uliopita, na bado anasema mpaka Jilali aje. Ameniomba chai nikamnyima. Si ina sukari, Fundi? Si daktari amemkataza sukari?"

Nami kwa ujinga wangu nikamwambia, "Umefanya vizuri." Mungu anisamehe. Glasi moja ya chai yetu tamu, wakati ule bado anaweza kumeza, huenda ingetosha. Yule maskini alimnyima kwa kumpenda.

Nilikimbia kwa Hammu. Sijakimbia hivyo tangu ujana.

"Ah, Ghita amekutuma?" Jilali akacheka, mgeni naye akacheka. "Mwambie niko njiani."

"Jilali, mama yako anakufa."

Akacheka tena kidogo. Kisha akanitazama usoni, na kicheko kikamkauka. Aliinuka na mshikaki bado uko mkononi, nadhani hakujua anao.

Tulipoingia, chungu kilikuwa katikati ya meza, kimefunikwa. Mkate umekatwa, vipande vimepangwa kuzunguka meza, hakuna hata kimoja kilichoguswa. Watoto wawili wamekaa mahali pao, mikono imenawishwa, hawalii, wanamtazama tu bibi yao. Bibi Yamna alikuwa amelala kwenye makochi ya ukutani, macho wazi, mdomo umepinda. Jilali akamwita. Akamwita tena. Hakujibu.

Tulimbeba mpaka barabarani, tukapata teksi. Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, alifanya kazi huku akiuliza maswali bila kutuangalia.

"Alijidunga saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo," akasema Ghita.

"Alikula saa ngapi?"

"Hakula."

"Kwa nini? Nyumbani hakuna chakula?"

Mimi nilitazama sakafu. Ghita ndiye aliyesema, na katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sijapata kumsikia akimsema mumewe mbele ya watu. "Chakula kipo. Alikuwa anamsubiri huyu."

Daktari akainua macho. Jilali alifungua mdomo ajibu, kisha akauziba kwa kiganja, maana chumba kile kidogo kilikuwa kimeshajaa harufu ya bizari na nyama ya kuchoma.

Bibi Yamna hakuamka siku tano. Siku ya sita akaamka, na mtaa mzima ukashukuru, wanawake wakapiga vigelegele. Tulifurahi mapema. Mwili ulirudi, lakini akili ilirudi nusu. Daktari alisema ubongo ulikaa bila chakula chake kwa muda mrefu mno, na kilichopotea hakirudi. Anaswali vizuri. Kuna siku anamjua Ghita, kuna siku hamjui. Mimi ananiita kwa jina la baba yangu.

Sasa Jilali anafunga duka saa sita. Kwa Hammu hapiti hata kwa bahati mbaya. Anafika kwake kabla ya mikate yangu, anaketi mbele ya mama yake, anamega mkate, anachagua kipande laini cha nyama. Nilikuwapo Ijumaa iliyopita, Ghita alinialika kula kuskusi ya Ijumaa.

"Mama, bismillahi, kula."

"Asante mwanangu, Mungu akuzidishie," akajibu Bibi Yamna kwa adabu yake ile ile. "Kula wewe, wewe mgeni. Sisi hatuli mpaka Jilali aje."

"Jilali ni mimi, Mama. Nimekuja."

Alimtazama usoni. Akatazama mvi zake, tumbo lake, mikono yake. Kisha akatabasamu kama mtu anayemsamehe mtu kwa utani usiochekesha.

"Jilali wangu ni kijana wa miaka kumi na tisa. Na hajawahi kunichelewesha hata siku moja."

Jilali aliweka tonge sahanini, akatoka uchochoroni, akalia ameegemea ukuta, mtu mzima yule, majirani wanapita. Ghita ndiye aliyemlisha mama, kwa kumwongopea kwamba Jilali ameshakula huko sokoni. Nililazimika kuinamisha uso. Siku zote zile huo ndio ulikuwa ukweli, na hakuna aliyemwambia.

MAFUNZO

Sisemi mtu asile nje. Hammu ana watoto na nyama yake ni tamu. Nasema, ukila nje, waambie walioko nyumbani. Heshima ya kusubiriwa si yako kuichezea. Watu wanaokusubiri wanakupa njaa yao, na siku utakayowadanganya utakuwa umewaibia.

Wake na mama, desturi ya kusubiriana ni nzuri, lakini mgonjwa hasubiri mtu, mtoto hasubiri mtu. Wekeni sehemu ya baba pembeni, ifunikwe, mle. Na mtu wa sukari akitoka jasho, akitetemeka, akianza kusema maneno yasiyoeleweka baada ya sindano, naye bado anaweza kumeza, mpeni kitu kitamu hapo hapo, kisha mkimbizeni hospitali. Sisi hatukulijua hilo. Ninyi sasa mmelijua.

Na ninyi mnaofanana na mimi, mnaoona na kucheka na kula ini la bure: kunyamaza kwenu kuna sehemu yake ya lawama. Yangu mimi ninaibeba kila saa saba mchana. Mkimwona rafiki anamdanganya mama yake mbele yenu, mnyang'anyeni simu ikibidi, akasirike akipenda.

Na kama uko hapa unanisikiliza, na umewaambia watu wa kwenu kwamba uko njiani, inuka sasa hivi uende. Ukishindwa kuinuka, basi piga simu uwaambie neno moja tu: kuleni.